Sponji ya Bluu Ipi? Namna ya Kutambua na Kutunza Sponji za Kung'arishia Magari

Kijana aliyenipokea katika sehemu moja ya kuoshea magari kando ya barabara kuu ya TANZAM alinionesha ndoo ya lita 20 iliyojaa sponji za mashine. Zilikuwamo za bluu, za njano, nyeupe, nyeusi, na moja ya manyoya iliyokakamaa kwa dawa iliyokauka. Nilimwuliza ni ipi ya kuanzia kazi na ipi ya kumalizia. Alichukua ya bluu akasema hiyo ndiyo laini, ndiyo ya mwisho. Mwenzake aliyekuwa akisuuza zulia la gari akainua kichwa: "Hiyo ni bluu ya zamani, kaka. Hii mpya ndiyo inayokata." Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Tatizo ni kwamba bluu zote mbili zilikuwa katika ndoo moja.

Kwa kosa hilo kikundi chao, ambacho kwa heshima sitakitaja, kilikuwa kimekwisha kulipa. Wiki chache kabla ya ziara yangu walipokea gari jeusi la mteja aliyetaka ling'arishwe kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Walilisugua vizuri, wakalipiga polishi, kisha wakamalizia kwa sponji ya bluu waliyoamini ni laini. Jioni, chini ya wingu, gari lilipendeza. Kesho yake jua lilipochomoza, boneti yote ilionesha miduara myembamba kama utando wa buibui. Mteja alirudi. Katika haraka ya kurekebisha, mmoja wao alifunga sponji kwenye grenda, akaunguza rangi ya ukingo wa boneti mpaka rangi ya msingi ikaonekana. Boneti ilipelekwa kupakwa rangi upya, na fedha iliyotumika ilikuwa ile waliyoitenga kwa rejesho la mkopo la mwezi huo.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia katika jarida la halmashauri. Kwa mujibu wa Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo hauna riba, lakini unarejeshwa, na fedha inayorejeshwa ndiyo hukopeshwa kikundi kinachofuata. Kuosha na kung'arisha magari ni miongoni mwa kazi ambazo vijana wa miji ya barabarani, kutoka Ipogolo na Mafinga hadi Uyole na Mbalizi, huziona ziko karibu nao: maji, mashine, mikono na wateja wanaopita mchana na usiku. Katika maandiko ya miradi niliyopata kuyasoma, mashine huandikwa kwa makini, na bei yake. Sponji huandikwa mstari mmoja tu: "sponji, seti 1". Humo katika mstari huo mmoja ndimo kikundi hiki kilimotelezea.

Kabla ya kuendelea niseme neno kuhusu jina. Wauzaji wa vifaa huziita pedi. Vijana wetu huziita sponji zote, hata ile ya manyoya isiyo na sponji ndani yake. Mimi nimewafuata vijana, kwa kuwa neno pedi kwetu limekwisha kupata kazi nyingine.

Ili kuelewa kwa nini sponji isiyo sahihi huharibu gari, yafaa kujua kinachosuguliwa. Gari la kisasa halisuguliwi rangi yake yenyewe. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, juu yake rangi tunayoiona, na juu kabisa tabaka la vanishi inayoangaza. Vanishi hiyo ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina mikroni 100 hivi. Kwa hiyo fundi anayeng'arisha gari anafanya kazi ndani ya nusu ya unene wa karatasi, na kila anaposugua anapunguza kidogo. Mkwaruzo hauzibwi, kinachofanyika ni kupunguza vanishi inayouzunguka mpaka kimo cha mkwaruzo na cha pembeni kikaribiane. Tena magari mengi tunayotumia yamefika yakiwa yametumika Japani, na si ajabu yakawa yamekwisha kung'arishwa huko kabla ya kuuzwa. Fundi wa Mbeya au Iringa hajui amebakishiwa mikroni ngapi.

Ndiyo maana sponji zimegawanywa katika kazi tatu. Ya kwanza ni ya kukata: ngumu au ya manyoya, hutumika pamoja na dawa nzito kuondoa mikwaruzo na rangi iliyopauka. Ya pili ni ya kung'arisha: ugumu wa wastani, huondoa alama zilizoachwa na ya kwanza. Ya tatu ni ya kumalizia: laini sana, hupakia nta au polishi nyepesi na haikusudiwi kukata kitu. Kazi hizi zina mpangilio wake, na anayeuvuruga huishia kufanya kazi mara mbili.

Sasa tuje kwenye rangi za sponji. Watu wengi, nami nikiwamo kabla ya ziara hii, hudhani kwamba rangi ni lugha moja duniani kote, kama taa za barabarani ambapo nyekundu ni simama popote uendapo. Sivyo. Hakuna kanuni inayowabana watengenezaji. Kila kampuni imejichagulia rangi zake, na zipo zinazogongana waziwazi. Rupes ya Italia imeifanya bluu kuwa sponji yake kali kuliko zote za sponji, ikifuatiwa na kijani, kisha njano, na nyeupe ndiyo laini kupita zote. Kwa 3M ya Marekani mambo ni kinyume: kijani ndiyo ya kuanzia, njano hufuata, na bluu ndiyo ya mwisho kabisa, ya kumalizia. Kwa Lake Country, nayo ya Marekani, njano ni ya kukata, rangi ya chungwa hukata kwa wepesi, nyeupe hung'arisha na nyeusi humalizia. Meguiar's kwa muda mrefu iliweka rangi ya damu ya mzee kuwa ya kukata, njano ya kung'arisha na nyeusi ya kumalizia.

Tazama njano peke yake: kwa mmoja ni kali, kwa mwingine ni ya wastani, kwa wa tatu ni laini. Bluu nayo ni kali kabisa kwa mmoja na laini kabisa kwa mwingine. Hapo hatujazigusa sponji zisizo na jina, zinazouzwa kwa seti za rangi tano au sita ndani ya boksi moja na kujaa katika maduka ya vipuri. Nyingi kati ya hizo zimeiga rangi za kampuni kubwa, lakini haijulikani ipi imemwiga nani, na mara nyingine rangi zote katika boksi zina ugumu uleule. Kikundi tulichokitaja kilinunua seti ya kwanza ambayo bluu yake ilikuwa laini. Ilipochakaa wakanunua nyingine katika duka jingine, wakachanganya. Hakuna aliyezembea. Waliamini rangi.

Ushauri ninaoweza kuutoa, baada ya kuzungumza na mafundi wenye uzoefu kuliko wangu, ni kwamba rangi ya sponji isaidie macho tu, na uamuzi ufanywe kwa mkono na kwa majaribio. Sponji mpya ikifika, isome boksi lake kwanza. Kampuni zinazojiheshimu huandika kazi ya kila moja. Kisha ibinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Ya kukata hupinga kidole na kurudi upesi katika umbo lake. Ya kumalizia huzama kwa urahisi. Ipitishe taratibu ndani ya kifundo cha mkono, mahali ambapo ngozi ni nyororo: ya kukata utaihisi ikikwaruza, ya kumalizia huteleza kama kitambaa. Usilinganishe sponji mpya na iliyochakaa, kwa maana sponji ya kukata iliyotumika sana hulegea ikajifanya ya wastani, ilhali bado imebeba chembe za dawa nzito ndani yake.

Jaribio la mwisho hufanywa juu ya gari lenyewe, na hili lisirukwe hata kama mteja amesimama akitazama saa. Weka gundi ya karatasi kuzunguka eneo dogo la mraba, sentimita 40 kwa 40 zatosha, kwenye boneti au mlango. Anza na sponji laini kuliko zote na dawa nyepesi kuliko zote. Futa, kisha tazama kwa tochi au kwenye jua, wala si kivulini. Ikiwa matokeo yanatosha, fanya hivyo gari zima. Ikiwa hayatoshi, panda ngazi moja. Anayeanza na kali ili amalize mapema atakuwa ametumia vanishi ya mwenyewe gari kununua muda wake.

Baada ya kuitambua sponji, iandike. Hapa ndipo vikundi vingi vinaweza kujiokoa bila kutumia fedha. Nyuma ya kila sponji kuna kitambaa cha kunasa kwenye sahani ya mashine. Kwa kalamu ya wino usiofutika, andika hapo herufi moja: K kwa kukata, N kwa kung'arisha, M kwa kumalizia. Pembeni ya herufi weka nukta: moja kwa K, mbili kwa N, tatu kwa M. Nukta si pambo. Katika kikundi huwamo asiyesoma vizuri, na wapo wanaume wasioweza kutofautisha kijani na nyekundu, ingawa wengi wao hawasemi, na baadhi hawajui. Chini ya herufi andika jina fupi la dawa iliyotumika na sponji hiyo, na mwezi ilipoanza kazi. Sponji iliyopewa dawa nzito ibaki na dawa nzito mpaka itupwe. Kuosha hupunguza chembe, lakini hakuondoi zote, na chembe moja ya dawa ya kukata ndani ya sponji ya kumalizia yatosha kuchora mviringo kwenye gari jeusi. Wino ukififia baada ya kuoshwa mara kadhaa, urudiwe siku hiyohiyo, si siku nyingine.

Ya manyoya isichanganywe na zozote. Yenyewe hukata kwa nguvu na haina joto kubwa kama sponji ngumu, ndiyo maana mafundi wa rangi huipenda kwa magari yaliyopauka sana. Lakini hutoa nyuzi, na nyuzi zake zikiingia katika sponji ya kumalizia hukaa humo.

Kuhusu mahali pa kuzitunza, ndoo moja haifai, hata ikiwa nzuri. Zinahitajika ndoo tatu zenye mifuniko, kila moja na herufi yake ubavuni kwa rangi ya mafuta, pamoja na beseni la nne la sponji chafu zinazosubiri kuoshwa. Hilo la nne ndilo husahauliwa. Kijana akimaliza mlango mmoja na sponji ikajaa, huiweka alipoitoa kwa kuwa hakuna pengine, na ndani ya saa moja zilizo safi zimekwisha kuchafuka. Mifuko myepesi ya plastiki ambayo zamani tungeitumia kutenganisha vitu ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na haifai hata kwa sponji zenyewe, kwa kuwa huzifungia unyevu. Mifuko ya kitambaa kisichotoa nyuzi, ambayo fundi cherehani yeyote wa mtaani aweza kuishona, ni bora zaidi, hasa kwa kikundi kinachofuata wateja majumbani.

Katika Nyanda za Juu Kusini mfuniko una sababu nyingine ya pekee. Udongo wa Mbeya, Uyole na Rungwe umetokana kwa sehemu kubwa na majivu na mawe mepesi ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu miaka 4,000 hivi iliyopita na kuyatawanya mawe hayo eneo pana. Hayo ni ndugu wa jiwe tunalosugulia visigino. Wakati wa kiangazi, magari makubwa yaendayo Tunduma yanapopita, vumbi lake huelea na kutua juu ya kila kilicho wazi. Sponji iliyoachwa juu ya meza kwa muda wa chai tayari imepokea msasa mwembamba. Iliyoanguka chini isipanguswe kwa kiganja na kurudishwa kazini. Iende kwenye beseni la nne, hata kama ilianguka sasa hivi na hata kama ni ya mwisho kwa siku hiyo.

Kuosha si kazi ngumu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali, na brashi laini ya kusukuma dawa itoke katika vitundu. Sponji ikamuliwe kwa kubanwa kati ya viganja viwili, isisokotwe kama nguo, kwa kuwa kusokota huipasua gundi inayoshika kitambaa cha nyuma. Ianikwe kivulini penye hewa, upande wa kunasa ukitazama juu, ili maji yashuke mbali na gundi. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokuwa kali, yaweza kuchukua siku mbili kukauka, na kishawishi cha kuiweka karibu na jiko la mkaa huwa kikubwa. Gundi hulegea kwa joto. Sponji hiyo itaonekana nzima mpaka itakapokuwa inazunguka juu ya gari la mtu, ndipo itakapojiachia na kuiacha sahani ya plastiki ikisaga rangi. Kikundi chenye kazi nyingi kinunue sponji za ziada za kumalizia kuliko kuharakisha kukausha zilizopo. Kwa gari dogo moja, sponji mbili za kila daraja ndizo za chini kabisa, maana sponji iliyojaa dawa na vanishi iliyosuguliwa haikati vizuri wala haing'arishi.

Nimetaja grenda, na sitaipita kimya. Grenda ndogo ya kukatia vyuma huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika ikiwa haina mzigo. Mashine ya kung'arishia ya mzunguko hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000. Kwa kuwa nyingi kati ya hizi zina uzi uleule wa skrubu wa milimita 14, sahani ya sponji hufunga kwenye grenda bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo: kinachofunga si lazima kiwe kinafaa. Sahani ya sponji haikutengenezwa kwa mwendo huo, yaweza kupasuka usoni mwa mtu. Kama fedha ya mashine haijatosha, ni afadhali kikundi kianze kwa kuosha na kupaka nta kwa mkono, kisha kingoje.

Maji yaliyosuuzia sponji yana dawa, mafuta na vumbi la rangi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Wakazi wa Iringa wanaujua Ruaha Mdogo unaopita Ipogolo. Maji yake huenda Ruaha Mkuu na hatimaye bwawa la Mtera. Shimo lenye changarawe na mchanga, lililo mbali na mto, hupokea maji ya kikundi kidogo na kuzuia sehemu ya uchafu. Afisa Mazingira atawaonesha mahali pa kulichimba.

Kwa mwananchi mwenye gari, maswali mawili yanatosha kabla ya kukabidhi ufunguo. Uliza ni sponji ipi itakayomalizia kazi, na uombe kuiona nyuma yake. Kisha omba eneo la jaribio lioneshwe kwako juani kabla ya gari zima kuguswa. Fundi anayejua kazi hataudhika. Malipo yafanyike gari likiwa limetazamwa mchana, maana taa ya jioni huficha mengi.

Vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, siku za kazi. Katika andiko la mradi, mstari wa "sponji, seti 1" ugawanywe: idadi ya kila daraja, ndoo za kutunzia, sabuni, na sponji za kubadilisha baada ya miezi michache. Sponji huisha kama mafuta ya kupikia yaishavyo. Asiyeliweka hilo kwenye hesabu atalikuta kwenye rejesho. Maofisa wa kata wanaweza pia kuwaelekeza vijana kwenye vyuo vya VETA na ofisi za SIDO, ambazo zipo Mbeya na Iringa, kwa mafunzo ya ufundi na ya kuendesha biashara ndogo.

Niliporudi katika kikundi kile mara ya pili, kwa ajili ya picha za jarida, nilikuta ndoo tatu zimepangwa ukutani chini ya bati, zimeandikwa K, N na M kwa mkono usionyooka sana. Bluu mbili zilikuwa zimetengana, moja katika K na nyingine katika M. Ile ndoo ya zamani ya lita 20 ilikuwa chini ya bomba, imejaa mazulia.